Kilichomuua Chui

Mzee Gathogo alikuwa akipalilia viazi nyuma ya nyumba yake huko Bahati aliposikia mkewe akipiga mayowe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua ndio limeanza kukaza. Aliangusha jembe akakimbia, ingawa mbio zilikuwa zimemkataa miaka mingi, akamkuta Nyakio amepiga magoti uani karibu na kibanda cha mbwa, mikono kichwani.

"Baba Kui, mbwa wanakufa! Wote wawili!"

Chui, yule dume mchanga mwenye madoa, alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, anahema kama aliyekimbizwa kutoka Nakuru mjini mpaka pale. Alikuwa ametapika mara tatu, na safari ya mwisho lilitoka povu tupu. Miguu ilimtetemeka. Moyo ulipiga kwa kasi hata mbavu zilionekana zikicheza chini ya ngozi. Mama yake, Tosha, alikuwa bado amesimama, lakini miguu ya nyuma ilikuwa inamlegea, akawa anazunguka uani kama mlevi asiyekumbuka nyumbani ni wapi.

"Wamekula nini?" Gathogo aliuliza.

"Mimi nitajua aje? Saa moja niliwapa ugali na maziwa, wakala vizuri. Nimeenda kuchota maji, kurudi ni hivi."

"Mpigie daktari wa mifugo. Na ulete maziwa."

Nyakio akakimbilia jikoni. Gathogo akainama, akaingia kibandani kutafuta gunia la kumlaza Chui. Mbele ya kibanda ndipo mbwa walipolala. Nyuma aliweka magunia makuukuu, vipande vya mabati na koti lake la mvua, ambalo siku zote lilining'inia kwenye msumari. Leo msumari ulikuwa mtupu. Koti lilikuwa chini, limeburutwa, mfuko umeraruliwa. Kando yake kulikuwa na plastiki ya buluu iliyotafunwa ikawa vipande, na kichupa kidogo cha bati kilichotobolewa na meno mahali pawili.

Alikiokota, akakitikisa. Hakikuwa na kitu.

Kwa muda alisimama na kichupa kiganjani, akisikia jinsi Chui anavyohema nje. Halafu akakitia kichupa na vile vipande mfukoni mwa suruali, akachukua gunia, akatoka.

Ilikuwa dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta ambayo watu huiita inhela. Hakuna mtu Bahati nzima aliyejua kwamba bado anaitumia, hata mkewe. Mwaka uliotangulia, katika mkutano wa maombi chini ya hema, mhubiri mgeni alimwekea mikono, na Gathogo, mzee wa kanisa mwenye miaka sitini na moja, akasimama mbele ya watu zaidi ya mia mbili akashuhudia kwamba amepona. Hakusema uongo. Siku hiyo kifua kilikuwa cheupe kweli. Alitoa inhela mfukoni akaitupa kwenye pipa la takataka. Watu wakapiga vigelegele, na Celestine, kiongozi wa maombi ya akina mama, akabubujikwa na machozi. Wiki tatu baadaye vumbi la mahindi lilimkaba akiwa peke yake ghalani, nusura afe. Tangu hapo, kila dawa ilipoisha, aliyapita maduka yote ya dawa ya Bahati akaenda hadi mjini, mahali ambapo hakuna aliyemjua, na hata huko alisema anamnunulia mjukuu. Aliificha kwenye koti lile kwa sababu Nyakio hakuwahi kuingia kibanda cha mbwa.

Hii aliinunua Alhamisi. Alikuwa ameivuta mara nne tu.

Nyakio alirudi na sufuria ya maziwa. Daktari yuko njiani, alisema. Wakajaribu kumnywesha Chui, lakini maziwa yalimwagikia pembeni mwa mdomo yakalowesha gunia. Nyakio akaiweka sufuria chini. Akainua macho, akautazama ua wa michongoma uliowatenganisha na jirani.

"Ni yule," alisema.

"Nani?"

"Unajua ni nani. Si alisimama hapo wiki jana akasema mbwa hawa wakiingia kwake tena tusimlaumu?"

Alimaanisha Hemed. Duka la Hemed lilitazama barabara na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Alikuwa amehamia Bahati kutoka mjini miaka sita iliyopita na familia yake, Waislamu ambao babu zao walitoka pwani kuja kujenga reli. Mtu mpole, mwenye kupima sukari bila kuibia. Jambo moja tu lilimkera: mbwa wa Gathogo walipenya michongoma wakalala kwenye baraza lake, mahali wanapotandika mikeka ya kusalia.

"Mama Kui, ngoja kwanza," Gathogo alisema.

"Ningoje nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Walikuwa wawili tu, yeye na mke aliyeishi naye miaka thelathini na tatu. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Lakini aliona ile hema ya mkutano, aliona Celestine akilia, akaona jinsi Nyakio alivyomshika mkono siku ile wakirudi nyumbani, akimwambia Mungu amewakumbuka.

"Ngoja daktari aseme," ndilo lililomtoka.

"Daktari aseme nini na mimi nina macho?"

Akaondoka, leso imemlegea kiunoni, akatoka langoni akakata kona. Punde Gathogo akasikia sauti yake barabarani, na michongoma haizuii sauti.

"Hemed! Hemed, toka nje! Umewapa mbwa wangu nini?"

"Mama Kui, kwema? Mbwa wamefanya nini?"

"Usiniulize kwema! Umewatupia chakula chenye sumu, wanakufa kule!"

"Wallahi sijawapa kitu."

"Na ulichosema wiki jana?"

"Nilisema nitaenda kwa chifu. Nilisema muwafunge, basi. Mama, hapa kuna wateja."

"Wacha wateja wasikie! Wajue wananunua unga kwa mtu mwenye sumu dukani!"

Gathogo alisikia watu wakikusanyika, vicheko viwili vitatu vya aibu, mwanamume mmoja akisema, "Aah, hiyo si poa, boss." Akasikia Hemed akisema kwa sauti ya chini, "Nuria, rudi ndani," kwa maana binti yake wa miaka tisa alikuwa ametoka kuona. Baadaye Gathogo aliambiwa kwamba mama mmoja aliyekuwa ameshalipia pakiti ya unga aliirudisha kaunta bila neno, akanyoosha mkono arudishiwe pesa zake, na Hemed akamrudishia.

Wakati huo wote yeye alikuwa amechutama kando ya Chui, mkono mmoja juu ya mbavu za mbwa, mwingine mfukoni.

*

Daktari Cheptoo alifika kwa pikipiki, msichana mwembamba mwenye mabuti ya mpira na mkoba mgongoni. Nyuma yake waliingia watu wa barabarani, kama kumi hivi, na mbele yao Celestine akiwa na Biblia yake kwapani, kwa kuwa alikuwa anatoka maombi.

Daktari hakusalimia sana. Alipiga magoti kando ya Chui, akaweka kipimo kifuani, akatazama saa. Akainua mdomo wa mbwa akakagua fizi, zilikuwa nyekundu kupita kiasi. Akamfungua jicho. Uso wake ukakunjamana.

"Mapigo yamepita mia mbili na hamsini," alisema. "Mama, umesema ni sumu. Sumu gani?"

"Ile ya kunyunyizia nyanya. Si ndiyo watu hutumia?"

"Ingekuwa hiyo mate yangekuwa yanatiririka, na mboni za macho zingekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hizi zimepanuka." Alifungua mkoba akatoa chupa ndogo, akaishika bila kuifungua. "Dawa ya sumu hiyo ninayo. Lakini inaongeza mwendo wa moyo. Nikimdunga na kumbe si hiyo, nitakuwa nimemuua mimi."

"Mdunge tu, daktari," mtu alisema nyuma. "Si anakufa hata hivyo?"

Daktari Cheptoo aliirudisha chupa mkobani. Alianza kumwekea Chui maji ya mshipani, na huku anafanya akauliza, "Kuna dawa za watu hapa nyumbani? Ya presha? Ya moyo? Ya pumu? Mbwa hutafuna chochote."

"Ya presha hatuna," Nyakio alisema. "Na ya pumu ilitoka mwaka jana. Mzee wangu aliponywa na Bwana."

"Amina," Celestine alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa pale."

Daktari akamgeukia Gathogo. Macho yake yalikuwa ya mtu anayehitaji msaada, hayakuwa ya kumhukumu, na hilo ndilo alilolikumbuka zaidi baadaye.

"Mzee? Hakuna dawa yoyote?"

Gathogo aliona watu wote wakimtazama. Kichupa kilimgusa paja kupitia kitambaa.

"Hakuna," alisema.

Chui alikufa baada ya robo saa. Hakulia. Alinyoosha miguu yote minne kama anayejinyoosha baada ya usingizi, kifua kikapanda mara moja, kikashuka, kisipande tena. Daktari alimkandamiza mbavu kwa muda mrefu, jasho likimdondoka puani, kisha akaacha. Nyakio akajifunika uso kwa leso.

"Mungu anamwona," Celestine alisema, akitazama upande wa duka la Hemed. "Mungu anamwona aliyefanya hivi."

Watu wakaguna kukubali. Kijana mmoja akasema mtu wa hivyo hafai kukaa na watu. Mwingine akasema duka la namna hiyo lifungwe. Na katikati ya maneno hayo Tosha, aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo, akaangusha miguu ya mbele, kidevu kikagonga ardhi.

Daktari Cheptoo alimwendea mbio. "Huyu naye anaanza," alisema. "Jamani, nisaidieni. Nikijua alichokula naweza kumtibu. Nisipojua ninabahatisha."

Gathogo alihisi mkono wake ukitoka mfukoni kabla hajaamua. Akausogeza mbele ya daktari na kuufungua.

"Ni hii," alisema.

Daktari alichukua kichupa, akasoma maandishi yaliyobaki kati ya alama za meno. Kisha akamtazama.

"Ilikuwa imejaa?"

"Nilivuta mara nne tu. Niliinunua juzi."

"Karibu dozi mia mbili, mdomoni kwa mpigo mmoja." Alisema polepole, kama anayejiambia. "Huyu mdogo ndiye aliyeitoboa. Huyu mama atakuwa alilamba." Halafu akasema, bila hasira, "Mzee, nilikuuliza."

"Uliniuliza, ndiyo."

Hakurudia swali. Alipiga simu kwa daktari mwenzake, akaongea naye haraka, akaandika kwenye kikaratasi jina la dawa ya watu wenye moyo unaokwenda mbio, akampa mwenye bodaboda aikimbilie kwenye duka la dawa. Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Mikono yake ilijua inachofanya.

Waliobaki bila la kufanya ni wale wengine. Hakuna aliyenyanyua sauti, na Gathogo angeona nafuu kama wangemtukana. Yule kijana wa kufunga duka alianza kuchunguza viatu vyake. Wengine wakaondoka mmojammoja bila kuaga, wakipita mbali na Chui.

Celestine alimsogelea. "Mzee, si ulishuhudia?"

"Nilishuhudia."

"Na hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

Akataka kusema kwamba siku ile aliamini kweli, kwamba uongo ulianza baadaye na ulianza mdogo. Lakini Celestine alikuwa ameshageuka, Biblia ameikumbatia kifuani kama mtu aliyenyeshewa.

Nyakio alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana wapi.

*

Tosha alipona. Kufikia saa tisa moyo ulikuwa umetulia, na daktari Cheptoo alipoondoka aliwaonyesha jinsi ya kumpima mapigo kwa vidole ndani ya paja. Gathogo alimzika Chui peke yake kwenye kona ya shamba. Alichimba, akapumzika, akachimba. Shimo lilipofika magotini kifua kikaanza kupiga mluzi. Alikaa kwenye udongo akishikilia mpini wa jembe, anavuta hewa isiyoingia, na dawa hakuwa nayo.

Nyakio alimwona kutoka jikoni. Hakumjia. Alivaa sweta akatoka langoni, na baada ya muda akarudi anatembea haraka, akamwekea mkononi inhela mpya bado iko kwenye boksi.

Alipoweza kusema, Gathogo aliuliza, "Umeitoa wapi?"

"Pale kwa chemist wa hapa. Aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya bwana yangu, ana pumu." Akasimama juu yake, mikono kiunoni. "Ilikuwa rahisi hivyo, Baba Kui. Maneno machache tu."

"Nilikuwa na aibu."

"Najua. Ukanipa mimi aibu yako nikaibebe barabarani. Ungekufa peke yako siku moja, nami ningesema nini? Na leo uliniacha niende mlangoni kwa watu. Ulikuwa nayo mfukoni, ukaniacha niende."

"Nitaenda kwa Hemed."

"Mimi nimeshapita huko. Nimemwambia kosa la mdomo wangu ni langu. Alikuwa amefunga duka, tumeongea kwa dirisha." Aliufuta uso kwa mkono wa sweta. "Lakini lililobaki si langu. Hilo ni lako."

Jumapili hawakwenda kanisani. Alasiri mchungaji alipiga simu, akasema kwa upole kwamba ingefaa mzee apumzike kidogo katika kazi ya uzee wa kanisa, mpaka mambo yatulie. Gathogo akamshukuru. Alikuwa amejiandaa kujieleza, lakini mchungaji hakuuliza swali lolote.

*

Jumatatu asubuhi Hemed alifungua duka. Gathogo alingoja hadi aone watu wamejaa, kwa sababu matusi hayakutolewa faraghani, naye hakutaka kuomba radhi faraghani. Kulikuwa na akina mama wawili, fundi mmoja wa baiskeli, na mzee wa mtaa amekuja kununua sabuni. Gathogo akavua kofia.

"Baba Nuria," alisema, sauti ikimkwaruza, "nimekuja kusema mbele ya hawa. Wewe hukuwapa mbwa wangu kitu. Walikula dawa yangu ya pumu niliyokuwa nimeificha. Mke wangu alikuja hapa kwa kutojua. Aliyejua ni mimi. Naomba unisamehe."

Hemed alikuwa anapima maharagwe. Alimaliza, akafunga karatasi, akampa mama mmoja. Ndipo akainua uso. Alionekana hajalala.

"Ulijua saa ngapi?" aliuliza.

Swali hilo Gathogo hakulitarajia. Angeweza kusema alijua baadaye, mbwa alipokwisha kufa. Watu wengi walidhani hivyo, na pale dukani hapakuwa na wa kumpinga.

"Nilijua kabla hajatoka langoni kwangu," alisema. "Nilikuwa nimechutama upande ule wa ua. Nilisikia kila kitu."

Mzee wa mtaa akakohoa. Mama mmoja akasema, "Yesu." Hemed aliigusa mizani kwa kidole, ikapanda ikashuka.

"Jumamosi usiku walitupa mawe juu ya mabati," alisema. "Si mengi. Mawili." Kisha akasema, "Mimi ni mtu mzima, nimekusamehe. Nikikataa nitaishi aje na jirani? Lakini kuna mwingine humu ndani. Nuria hajala tangu siku hiyo. Tulidhani ni homa. Asubuhi hii ndipo amemwambia mamake, na mimi sijui nimweleze vipi aamini. Ingia umwambie wewe."

Akamwinulia ubao wa kaunta. Gathogo akavua viatu, akapita kati ya magunia ya mchele, akatokea baraza la nyuma. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka amejifunika khanga ya mama yake hadi kidevuni, macho yamevimba. Mbele yake kulikuwa na sahani ya wali na maharagwe, haijaguswa. Gathogo hakuthubutu kukanyaga mkeka. Akaketi kizingitini.

"Nuria. Mimi ndiye niliyemuua Chui," alisema. "Si baba yako. Nilikuwa na dawa ya kifua, nikaiweka mahali pabaya, akaitafuna. Halafu daktari akaniuliza, nikamwambia hakuna dawa."

Msichana alimtazama bila kupepesa.

"Lakini mimi nilimpa chapati," alisema.

"Ulimpa lini?"

"Jumamosi asubuhi. Hapo kwa ua. Humpa kila siku, baba alikuwa hajui." Akamtupia jicho baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ilikuwa imelala ya jana. Mama Kui aliposema tumewapa chakula chenye sumu, nikajua ni hiyo."

Siku mbili nzima Gathogo alikuwa ameihesabu hasara yake: jina lake, kanisa, mbwa, mke asiyemtazama. Hakuwa amemhesabu huyu.

"Kwa hivyo si chapati yangu?" Nuria aliuliza.

"Si chapati yako."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Chapati yako haikumdhuru. Ilikuwa chakula kizuri." Akajifuta uso kwa kofia. "Aliila yote?"

"Yote. Halafu akanilamba mkono."

Hemed aliinamisha kichwa. "Nenda ukanawe hiyo mikono ule," alisema, sauti haina ukali hata chembe.

Nuria aliinuka, akaenda kwenye mtungi wa maji, akarudi mikono inadondosha. Akaketi mbele ya sahani. Tonge la kwanza alilitafuna polepole akilia, la pili upesi zaidi. Mbele, dukani, mtu aligonga kaunta akiita, na Hemed akaenda kumhudumia. Mzee Gathogo hakuna aliyemwambia akae, wala aliyemwambia aende zake. Alibaki pale kizingitini, kofia mikononi, mpaka mtoto alipomaliza sahani.